Grupu la WhatsApp, mitingi ya asubuhi au kumvuta mtu pembeni: ipi inafaa biashara ya familia?

Mwaka 2022, ngano ilipopanda bei baada ya vita vya Ukraine kuanza na petroli nayo ikawa haishikiki, sisi kwetu tulikaa mezani Jumapili jioni, mzee, mama, mimi, kaka yangu na mkewe, tukala posho na samaki, na kabla sahani hazijatolewa tukawa tushakubaliana mkate mkubwa unapanda shilingi mia tano kuanzia kesho. Basi, kila mtu akaenda kulala. Jumatatu asubuhi mama mmoja jirani yetu akaja kaunta na hela kamili ya bei mpya mkononi, maana wifi yangu alishamwambia usiku ule ule walipokutana bombani, na dada wetu wa kaunta akamrudishia mia tano yake akamwambia, "Hapana mama, umezidisha." Yule mama akacheka. "We mtoto, kwani wanakuficha? Mkate umepanda."

Dada wa kaunta akageuka akaniangalia. Hakusema kitu. Huyu ni mtu amekaa na sisi miaka minne, anafungua duka, anafunga duka, anajua mteja gani ana deni na mteja gani ukimdai leo utamuumiza bure, halafu habari ya bei ya mkate anaouza kwa mikono yake anaipata kwa mteja.

Siku hiyo alifanya kazi yake yote vizuri, ila aliacha kuongea. Zamani alikuwa ananiambia, sista, mandazi ya jana yalikuwa magumu, sista, yule mwenye duka la pale stendi anasema mkate unashika ukungu siku ya tatu. Ikakatika ghafla. Mikate ikawa inarudi kutoka madukani na sisi hatujui kwa nini, manake mtu pekee aliyekuwa anatuletea maneno ya wateja tulishamwonyesha kwamba maneno hayapiti kwake.

Bekari yetu ni ndogo, iko Busia upande wa Uganda, tuna oveni moja ya kuni, boda mbili za kusambaza, watu wanane wasio wa familia na sisi watano. Tangu ile Jumatatu tumejaribu karibu kila njia ya kuongea na hawa watu wanane, nyingine tumeziacha, nyingine tunazo mpaka leo, na nataka nizilinganishe hapa kwa anayetafuta pa kuanzia, maana ushauri mwingi unaopatikana ni wa makampuni makubwa yenye idara nzima ya wafanyakazi na semina za hotelini, na mtu mwenye duka la hadwea Tororo au saluni Iganga haumsaidii kitu.

Kwanza ujue unapima nini

Watu wakilinganisha njia za mawasiliano wanaangalia ipi rahisi, ipi ya haraka, ipi haina gharama. Mi nadhani kwa biashara ya familia hicho kipimo si chenyewe. Tatizo letu sisi si kwamba habari zinachelewa, habari zetu zinakimbia sana, ila zinakimbia ndani ya nyumba, zinaanzia mezani zinaenda chumbani zinaenda kanisani au msikitini, na mfanyakazi asiye ndugu anakuwa wa mwisho kuzipata hata kama ndo zinamhusu zaidi ya wote. Anajua kuna ukuta. Hata umpe mshahara mzuri, ule ukuta anauona kila siku.

Kwa hiyo kila njia naipima kwa maswali mawili tu. Je, asiye wa familia anasikia siku moja na wa familia? Na akisema neno lake, je, neno linarudi kwake na jibu, ndiyo au hapana, au linapotelea tu huko ndani? Ya pesa na muda utayaangalia baada ya hapo.

Grupu la WhatsApp

Hii ndo kila mtu anaanza nayo na sisi pia ndo tulianza nayo, jioni ile ile ya Jumatatu, kwa haraka, tukawaweka wote ndani. Uzuri wake upo na siwezi kuukataa. Oda ya duka la mbali ikija saa mbili usiku unaiandika mara moja, wa zamu ya usiku anaiona kabla hajapima unga. Trei ikiungua wanapiga picha, hakuna kubishana kesho. Zamu ikibadilika iko pale imeandikwa na saa yake. Na kwa mtu ambaye kusoma kunamsumbua unaweza kutuma voisi, mradi iwe fupi, kaka yangu alikuwa anatuma voisi za dakika nne na hakuna mtu alikuwa anazimaliza.

Sasa shida. Kati ya wale wanane, wawili wana katochi. Simu ya tochi haina WhatsApp, na hao wawili ni wa kukanda unga usiku, yaani wale ambao kosa la oda linawaangukia wao kwanza. Kwa hiyo tulibomoa ukuta mmoja tukajenga mwingine, sasa kukawa na wenye simu kubwa na wasio nazo. Halafu kuna bando. Ile kodi ya mitandao ya 2018, shilingi 200 kila siku, iliondolewa, lakini Julai 2021 ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe, na ukimwambia mtu wa mshahara mdogo lazima awe hewani muda wote kwa ajili ya kazi yako ujue unamtoza. Tulikaa karibu miezi miwili ndo tukakumbuka kununua bando la wafanyakazi sisi wenyewe.

Kubwa zaidi ni lile la kugombeza. Siku moja boda mmoja alichelewa, mzee akaandika kwenye grupu kwa herufi kubwa mbele ya kila mtu, na kila mtu akasoma, tiki za bluu zikajaa, na hakuna hata mmoja aliyejibu. Yule kijana alikuwa amepata pancha kule kwenye barabara ya vumbi na mikate mgongoni, hana hata hewa ya simu ya kupiga. Maneno ya mdomoni yanapita, yale yalikaa pale juu ya skrini wiki nzima, kila akifungua kuangalia zamu anayakuta.

Kwa kipimo changu: swali la kwanza linapita nusu, wenye simu kubwa wanasikia pamoja. Swali la pili linaanguka kabisa. Kwenye grupu mfanyakazi anaandika "sawa bosi" na hiyo sawa huwezi kujua ni sawa ya kukubali au ya kuchoka. Sisi bado tunalo, lakini lina kazi tatu tu, oda, zamu na picha, hakuna kugombezana humo, hakuna meseji baada ya saa tatu usiku isipokuwa ya oda, na wale wa katochi wanapigiwa simu, ni jukumu la mtu anayejulikana wiki hiyo ni nani.

Mitingi ya asubuhi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo iliyotubadilisha.

Zamu ya usiku inaanza saa tatu, mikate inatoka oveni kuanzia saa tisa, boda wanaondoka saa kumi na moja alfajiri. Zamu ya mchana, wale wa kaunta, wa mandazi na wa kufunga, wanaingia saa kumi na mbili na nusu. Kuna kama robo saa hivi ambapo wa usiku hawajaondoka na wa mchana wameshafika, na zamani hiyo robo saa ilikuwa ya kupishana mlangoni tu. Tukaamua tuitumie. Mama anachemsha chai ya maziwa, tunakata ile mikate iliyopasuka ambayo haiuziki, watu wanasimama pale karibu na oveni maana asubuhi kuna joto zuri, na tunaongea dakika kumi. Kusimama ni muhimu, tulipoleta benchi ikawa dakika arobaini.

Wiki mbili za mwanzo ilikuwa mzee anaongea na wengine wanaangalia vikombe vyao. Ukiuliza nani ana neno, kimya. Mi nilikata tamaa nikasema hawa watu hawataki. Kumbe sivyo. Huku kwetu kijana hawezi kumkatalia mzee hadharani, si woga, ni malezi, na ukimweka mzee mbele halafu ukauliza "kuna mwenye maoni?" unamwomba mtu avunje heshima asubuhi na mapema. Tulibadilisha vitu viwili. Kwanza mitingi ikaanza kuendeshwa na yule mkubwa wa zamu ya usiku, si ndugu yetu, na mzee akawa anakaa nyuma na chai yake. Pili, na hii ilimgharimu mzee, aliombwa aanze siku moja kwa kusema kosa lake mwenyewe. Akasema alinunua hamira nyingi sana kwa sababu ilikuwa bei chee kule ng'ambo, na sasa nusu imekufa, hairushi unga, ndo maana mikate ya Jumamosi ilikuwa imelala, si kosa la waliokanda. Alisema hivo tu akanyamaza.

Yule kijana wa oveni ambaye sikuwahi kusikia sauti yake kwenye mitingi akasema basi na yeye ana neno. Akanyoosha mkono, akakunja shati. Kwenye kiganja na mpaka juu ya kifundo kulikuwa na alama za kuungua, za zamani zimekuwa nyeusi, na moja mbichi bado inang'aa. Akasema, "Natolea trei na gunia la unga nalikunja mara nne, lakini likilowa jasho moto unapita." Miaka miwili anatoa trei na gunia. Sisi tunapita pale kila siku. Glavu nzito zilinunuliwa siku ile ile, ni hela ndogo sana, naona uchungu hata kuiandika, lakini hakukuwa na mahali pa kulisemea hilo neno, na angelisemea wapi, kwenye WhatsApp?

Kitu kinachofanya mitingi iwe na maana ni kaunta buku, lile daftari nene. Tunaandika kila ombi, nani amesema, tarehe, na upande wa kulia jibu. Jibu linaweza kuwa hapana. Waliomba mshahara uongezwe, tukaandika "si sasa, tutaangalia tena shule zikishafunguliwa mwezi wa pili", na mwezi wa pili mkubwa wa zamu akafungua ile kurasa akasoma kwa sauti. Ilibidi tujibu. Tuliongeza kidogo, si walichotaka, tukaeleza hesabu ya kuni na unga mbele yao. Hakuna aliyefurahi sana lakini hakuna aliyeondoka.

Udhaifu wake nausema pia. Boda hawapo, saa hiyo wako njiani, kwa hiyo tukalazimika kuwa na kamitingi kadogo ka saa mbili wanaporudisha trei, na siku ambazo tunakaruka wao wanaanza tena kuwa wa mwisho kujua. Na mambo ya ndani ya mtu huwezi kuyaleta pale. Mtu hawezi kusema mbele ya chai kwamba mtoto wake amelazwa na hana kitu.

Kumvuta mtu pembeni

Haya ndo mambo ya hapa: mshahara wa mtu, kosa lake, advansi, ugonjwa, msiba, na malalamiko dhidi ya mtu wa familia. Msifie mtu mbele za watu, mkosoe pembeni, hili wengi wanalijua ila wachache wanalifuata, hasira ikipanda tunasahau.

Sisi tunafanya mara moja kwa mwezi, dakika kumi na tano kila mtu, watu wanane ni saa mbili kwa mwezi mzima, hakuna anayeweza kusema hana muda huo. Hatufanyii kwenye kile chumba cha hesabu kwa sababu mama yumo humo, tunakaa stoo juu ya magunia ya unga au tunatembea mpaka kwa mwenye kuni na kurudi, mtu anaongea vizuri miguu ikiwa inaenda.

Nitakwambia iliponifungua macho. Dada wa kaunta alikuwa anapungukiwa kwenye droo, leo elfu nne, kesho elfu saba, na sisi tulikuwa tunamkata. Mwezi wa kwanza nilipomuuliza pembeni akasema hamna kitu. Wa pili hamna kitu. Mwezi wa tatu tukiwa tunarudi kutoka kwa mwenye kuni akasimama akasema, "Sista, nikikwambia utanifukuza?" Nikamwambia hapana. Akasema ni binamu yangu, anakuja jioni anachukua mikate na soda kwa marafiki zake, anasema "andika kwa mzee", na yeye angemwandikaje kwa mzee. Alikuwa analipa mikate ya binamu yangu kwa mshahara wake.

Tulimrudishia pesa zote, na kuanzia pale sheria ikawa moja, mtu wa familia akichukua kitu anasaini kwenye kitabu mwenyewe, mzee pia, mimi pia. Lakini ona ilichukua miezi mitatu. Ningefanya kikao kimoja nikaacha, nisingejua mpaka leo, na dada angeondoka na sisi tungesema wafanyakazi wa siku hizi hawana uvumilivu.

Angalizo: anayemvuta mtu pembeni asiwe ndo yule anayelalamikiwa wala mama yake. Kama familia yenu ni wawili tu mume na mke, mpeni mfanyakazi mtu wa tatu anayemheshimu, hata kama ni mtu mzima wa jirani anayewajua wote.

Kupitia mtu wa kati

Kwetu jambo gumu linapelekwa na mtu, shangazi, kaka mkubwa, mwenzako wa zamani. Ina busara yake na inafaa kwa jambo moja zito la mara moja, mfano mfanyakazi anataka kuondoka na anaogopa kumwambia mzee. Ila ukiifanya iwe ndo njia ya kila siku utaumia. Tulimtumia kaka yangu miezi mitano. Ujumbe ukitoka kwa mzee kama "waangalie kuni zisiishe" unafika "mzee anasema mnaiba kuni", na hakuwa na nia mbaya, alikuwa amechoka tu. Na yakitoka kwao kuja kwetu anachagua yapi yapite. Pale ndo uvumi unapoanza, na lisemwalo lipo, watu wanaamini zaidi la jikoni kuliko la mtu wa kati.

Karatasi na ubao

Watu wanadharau hii wanaona ni mambo ya ofisi za serikali. Mi naona kwa upande wa pesa karatasi inashinda maneno yote.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaacha nje biashara ya familia ambayo wafanyakazi wake ni ndugu wanaokutegemea tu na hawazidi watano. Ukiajiri mtu wa nje hata mmoja umeshatoka hapo. Inakubali muachane na makaratasi mkaelewana kwa mdomo mwanzoni, lakini inataka umpe masharti ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12, na umpe maelezo ya mshahara yanayoonyesha makato. Saa za kazi ni 48 kwa wiki kwa kawaida, na siku moja ya kupumzika katika saba. Sisi tulikuwa hatuna hata karatasi moja, na hatukuwa watu wabaya, tulidhani kuelewana kunatosha.

Halafu NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi. Tangu sheria ilipobadilishwa 2022 kila mwajiri anatakiwa kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja, zamani ilikuwa kuanzia watano. Asilimia 5 inatoka kwa mfanyakazi, 10 unaongeza wewe. Sasa fikiria unamtumia mtu mshahara kwa simu umepungua asilimia 5 na hujamweleza. Ataona umemwibia, na ile 10 yako ambayo ni kubwa mara mbili hataijua kabisa. Mwezi wa kwanza kwetu ilitokea hivo hivo, manung'uniko usiku kucha kwenye meza ya kukandia. Mwezi wa pili kila mtu akapewa kikaratasi cha mistari mitano, mshahara, makato, tulichoongeza, advansi, kilichobaki, kwa Kiswahili na kwa mkono. Maneno yakaisha siku hiyo.

Ubao tunao karibu na mlango: zamu za wiki, tarehe ya mshahara, idadi ya mikate iliyorudi jana. Hiyo idadi ya mwisho ndo wanaikimbilia kuisoma, nilishangaa. Udhaifu wa karatasi unajulikana, haisikilizi, ni ya kutoa tu.

Sanduku la maoni usihangaike nalo. Mko wanane, kila mtu anajua mwandiko wa mwenzake, na ufunguo anao nani kama si mama.

Jambo la lugha

Hili silioni likiguswa na mi naliona ni kubwa kuliko kuchagua kati ya simu na mitingi. Sisi nyumbani ni Kisamia. Wafanyakazi wetu wengine ni Wateso, mmoja ametoka Masaka, Kiganda ndo chake. Tulikuwa tunafanya hivi, tunaongea nao Kiswahili vizuri, halafu jambo likiwa nyeti tunageukiana tunamalizia kwa Kisamia mbele yao. Kwetu ilikuwa kawaida kabisa. Mkubwa wa zamu aliniambia pembeni, mwaka mzima baadaye, kwamba kila tukibadilisha lugha yeye alikuwa anafikiri ndo anafukuzwa. Mtu anakanda unga kilo hamsini usiku na hiyo kichwani.

Kiswahili kilitambuliwa kwenye katiba yetu kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005 lakini hapa mpakani hatukusubiri katiba, ndo lugha ya sokoni. Sasa ndani ya bekari ni Kiswahili tu, hata mimi na mama tukiwa wawili kama kuna mfanyakazi karibu. Kama uko Kampala na wote mnaelewana kwa Kiganda, iwe Kiganda. Cha msingi isiwe lugha ambayo mmoja wao haijui.

Sasa uchague ipi

Inategemea mko wapi na mnafanya nini. Kama mko wachache chini ya watano na mnakaa chumba kimoja, fundi cherehani, saluni, kamgahawa, achana na grupu, mitingi fupi na pembeni vinatosha, na kikaratasi cha mshahara. Kama duka lako liko sehemu kama Kikuubo, yale maduka ya jumla ya Kampala, ambapo wateja wa jumla wanafika kabla hujafungua kufuli, asubuhi usijidanganye, fanya jioni mkishafunga hesabu, ila usiibe muda wao wa taksi za kurudi nyumbani. Gereji yenye kelele, chakula cha mchana ndo saa yenu. Kama una matawi mawili, tuseme Mbale na Soroti, hapo grupu huwezi kulikwepa, lakini mtu wa familia aende kule kimwili angalau mara moja kwa wiki mbili na kaunta buku mkononi, manake tawi la mbali ndo linajihisi yatima. Na kama wafanyakazi wanalala hapo hapo nyumbani kwenu, wanakula nanyi, usidhani mmeshaongea kwa sababu mmekula pamoja. Sisi tuliishi hivo miaka.

Kama una nguvu ya kuanza na kimoja tu wiki hii, anza na pembeni. Hakigharimu shilingi, na atakayokwambia mtu wa tatu au wa nne ndo yatakuonyesha mitingi yenu ianzie wapi. Ukianza na mitingi kabla hujawasikia mmoja mmoja utapata kile kimya chetu cha wiki mbili, na wengi wanakatia tamaa hapo.

Bei ya mkate ilipotakiwa kupanda tena, tulikuwa mezani Jumapili kama kawaida, na kaka akasema basi kesho tunapandisha. Mzee akasema ngoja, kesho tunauliza. Saa kumi na mbili na nusu akasimama pale kwenye oveni akaeleza, gunia la ngano lilikuwa hivi sasa ni hivi, tunafikiri kupandisha, mnaonaje. Dada wa kaunta akasema tupandishe lakini wale kina mama kumi na mmoja wanaochukua kwa deni kwenda kuuza barabarani tuwaachie bei ya zamani mpaka Jumamosi, maana wameshawaahidi wateja wao. Kaka akataka kubisha kwa Kisamia, mzee akamwangalia tu. Tukaandika kwenye kaunta buku, upande wa kulia mzee akaandika mwenyewe "ndiyo". Saa moja kamili jirani yetu yule yule akafika kaunta, na kabla hajatoa pesa dada akamwambia, "Mama, kuanzia leo mkate umepanda, ngoja nikueleze kwa nini."